Deni la mji ni letu sote, tuulizwe kabla

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nami nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha, ingawa linamgusa kila mkazi wa mjini. Jambo lenyewe ni hili: bajeti ya mji na mikopo ya mji huamuliwaje, na mkazi wa kawaida anaingilia mlango gani? Barua yangu ni ndefu kidogo, lakini nakuomba usiikate sana, maana hesabu ikikatwa katikati haieleweki.

Mimi ni mkazi wa mojawapo ya majiji yetu sita. Sitalitaja jina, si kwa woga, ila kwa sababu mambo nitakayoyaeleza hayako kwetu peke yetu, na sipendi mtu mmoja abebeshwe lawama ya wengi.

Miaka michache iliyopita mwenyekiti wa mtaa wetu alipita na kipaza sauti akatuita mkutanoni chini ya mwembe wa shule ya msingi. Tulikuwa watu wasiozidi arobaini, wengi wetu wazee na akina mama, katika mtaa wenye maelfu ya watu. Mtendaji wa mtaa akatueleza kwamba Halmashauri inataka kujua vipaumbele vyetu kwa ajili ya bajeti ya mwaka unaofuata. Kila mtu akasema lake. Mfereji wa maji ya mvua, vyoo vya shule, taa za barabarani, zahanati, soko, na kadhalika. Mambo kumi na moja yakaandikwa katika daftari. Tukapiga makofi, tukatawanyika.

Mwaka mpya wa fedha ukaanza Julai. Tukangoja. Masika yakafika mfereji haujachimbwa hata futi moja. Maji yakaingia nyumbani kwa mama mmoja mjane, jirani yangu, yakamharibia vyerehani viwili ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikimlisha yeye na wajukuu zake. Nilipokwenda kumpa pole akaniuliza, "Mzee, ule mfereji si tuliuomba? Si wewe ulikuwapo tulipopiga makofi?" Sikuwa na jibu.

Nikaenda ofisini kuuliza. Siku ya kwanza nikaambiwa mhusika yuko kwenye semina. Siku ya pili nikaambiwa niandike barua. Siku ya tatu nikapeleka barua. Wiki kadhaa zikapita. Mwisho kijana mmoja mwungwana akanifungulia kitabu cha bajeti na kunionyesha. Hapo ndipo nilipoelewa. Fedha za mfereji wetu hazikuibiwa na mtu, kwa sababu hazikupata kutengwa hata siku moja. Orodha yetu ilikwenda kwenye kata, ikakutana na orodha za mitaa mingine. Kata ilikuwa na kiwango chake, ambacho wataalamu wanakiita ukomo wa bajeti, nacho hakikuweza kubeba hata robo ya yaliyoombwa. Waliokaa kuchagua wakachagua vyumba vya madarasa katika mtaa mwingine. Huenda walichagua vizuri. Lakini hakuna aliyerudi chini ya mwembe kutuambia. Laiti yule mama angeambiwa mapema, angeviinua vyerehani vyake juu ya meza.

Isitoshe, sisi wenyewe tulikuwa na kosa. Tulitaja mambo kumi na moja bila kusema lipi la kwanza na lipi la mwisho. Mtu akikuletea orodha ya mambo kumi na moja na wewe una fedha za jambo moja, atalaumiwa nani ukichagua lile unalolipenda wewe?

Ndugu Mhariri, tangu siku hiyo nimejitahidi kujifunza njia ambayo bajeti ya mji hupita, na ningependa kuwagawia wasomaji wenzangu nilichokipata. Mwaka wetu wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Watu wengi hudhani bajeti ni ile hotuba ya Waziri wa Fedha mwezi Juni. Hiyo ni hatua ya mwisho kabisa. Kwa mkazi wa mtaa, bajeti huamuliwa miezi mingi kabla. Baada ya Serikali kutoa mwongozo wa mipango na bajeti, mitaa hutakiwa kuibua mahitaji yake, kwa kawaida katika miezi ya mwisho ya mwaka. Mahitaji hayo huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni Diwani na ambamo wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Kutoka hapo hupita kwa wataalamu wa Halmashauri, kisha katika kamati za kudumu, hasa Kamati ya Fedha na Uongozi, ndipo yakaingia katika Baraza la Madiwani mnamo mwezi Januari au Februari. Baada ya Baraza huenda mkoani, TAMISEMI na Hazina, na mwisho Bungeni kuanzia Aprili.

Sasa angalia. Mwananchi anayekuja na malalamiko yake mwezi Juni amekuta gari limekwisha ondoka. Mahali pake pa kusema ni kwenye mtaa na kata kabla ya mwaka kwisha, na mahali pake pa kusikiliza ni kwenye Baraza la Madiwani mwanzoni mwa mwaka. Mikutano ya kawaida ya Baraza ni ya wazi kwa wananchi na waandishi wa habari. Je, ni wangapi kati yetu tumewahi kuingia kusikiliza? Mimi niliishi mjini zaidi ya miaka thelathini kabla ya kuingia mara ya kwanza, na siku hiyo viti vya wananchi vilikuwa na watu watano, wawili wao wakiwa wamejikinga jua.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba mkazi wa mjini ana sauti ndogo kisheria kuliko ndugu yake wa kijijini. Kijiji kina Mkutano Mkuu unaotakiwa kukaa kila miezi mitatu, na Halmashauri ya Kijiji ni chombo kamili kisheria, chenye uwezo wa kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Mtaa wa mjini hauna hadhi hiyo. Uko chini ya halmashauri ya mji, na mkutano wake hutoa mapendekezo. Kwa hiyo mtu anayehama kutoka kijijini kuja mjini huacha nyuma sehemu ya madaraka yake bila kujua.

Hatuwezi kusema kwamba nchi hii haikujifunza. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa katika mpango wa Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa kupeleka maendeleo karibu na wananchi, lakini mijini hali ikazorota, na halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Mwaka 1982 zikatungwa sheria mpya za serikali za mitaa na za fedha zake, na halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena mwaka 1984. Katiba yetu, ibara ya 146, inaeleza wazi kwamba serikali za mitaa zipo kwa madhumuni ya kuwapelekea wananchi madaraka. Miaka ya mwanzo ya 2000 tukaletewa mpango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ili mipango ianzie chini kwa wananchi wenyewe. Njia imechorwa. Kinachokosekana ni watu kuipita, na majibu kurudi kwa njia hiyo hiyo.

Pia tusijidanganye kwamba fedha hizi ni za Serikali na sisi ni waombaji. Wenye nyumba hulipa kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, na Julai 2023 ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hata mpangaji huilipa, maana ndiye anayenunua umeme. Wafanyabiashara hulipa ushuru wa huduma kutokana na mauzo yao. Mama muuza mchicha hulipa ushuru wa soko. Kwa hiyo tunapouliza habari za bajeti tunauliza habari za mali yetu. Na wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfano tunao. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mafungu ya nne, nne na mbili. Ni mpango mzuri sana. Lakini mwaka 2023 mikopo hiyo ilibidi isimamishwe nchi nzima baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha kasoro nyingi, vikiwamo vikundi visivyorejesha. Ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mwingine. Nauliza: kama orodha ya vikundi vilivyopewa fedha ingebandikwa katika kila ofisi ya mtaa, kikundi hewa kingepita wapi? Watu wa mtaa wanajuana. Mkaguzi mkuu hutoka mbali na huja mwaka umekwisha pita, lakini jirani yuko hapo kila siku.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu hasa. Hilo ni la mkopo wa mji, yaani hati fungani.

Mwezi Februari 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira ya Tanga ilitoa hati fungani ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya kupanua huduma ya maji katika Jiji la Tanga na miji ya jirani. Hati hiyo ni ya miaka 10, na riba yake ni asilimia 13.5 kwa mwaka. Watu na taasisi wakajitokeza kununua kuliko kiasi kilichotakiwa, na hati ikaandikishwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Sina ubishi kwamba hili lilikuwa jambo jipya na la kishujaa. Kwa miaka mingi miji yetu ilisubiri ama Hazina ama wafadhili wa nje. Hapa chombo cha mji kimekwenda kukopa kwa jina lake, kwa kutegemea mapato yake. Si ajabu miji mingine nayo ikataka kufuata njia hiyo, na kwa sababu hiyo ni vizuri tuielewe kabla haijatufikia.

Hati fungani ni nini? Ni karatasi ya deni. Mji unahitaji fedha nyingi leo, kwa mfano za kujenga mtambo wa maji. Badala ya kwenda benki moja, unawakopa watu wengi kwa pamoja. Kila mnunuzi hupewa hati inayosema amekopesha kiasi gani, atalipwa riba kiasi gani, na fedha yake itarudi lini. Anayekopesha anaweza kuwa mwalimu aliyestaafu, mfuko wa pensheni, au tajiri wa ng'ambo ambaye hajapata kuiona Tanga. Swali la muhimu ni nani analipa. Hati ya Tanga hulipwa kutokana na mapato ya maji, na mapato ya maji ni ankara za wateja.

Tupige hesabu kidogo. Asilimia 13.5 ya bilioni 53.12 ni karibu shilingi bilioni 7.2 kwa mwaka, deni lote likiwa bado halijapungua. Hiyo ni karibu shilingi milioni 19.6 kila siku, jua liwake au mvua inyeshe. Ilitangazwa kwamba uzalishaji wa maji utapanda kutoka lita milioni 45 hadi milioni 60 kwa siku. Nyongeza hiyo ya lita milioni 15 ni uniti 15,000. Ukigawa riba ya siku kwa uniti hizo unapata kama shilingi 1,300 kwa kila uniti, kabla hujahesabu umeme, dawa, mishahara na kurudisha deni lenyewe. Sasa tuseme theluthi moja ya maji hayo mapya inapotea kwa mabomba mabovu na wanaojiunganishia kwa wizi. Zinabaki uniti 10,000 za kuuza, na mzigo wa riba unapanda hadi karibu shilingi 1,965 kwa uniti. Riba haijali kama bomba limepasuka.

Nimetoa hesabu hiyo ya mtu wa kawaida kwa nia ya kuonyesha kitu kimoja, sina nia ya kuwatisha watu wa Tanga. Faida au hasara ya mkopo kama huu inategemea mambo ambayo mkazi anaweza kuyaona kwa macho yake kuliko mtu mwingine yeyote: bomba linalovuja uchochoroni, dira isiyosomwa, mtambo usiofanya kazi. Kwa hiyo mkazi akiwekwa pembeni, mji unapoteza mlinzi wake wa kwanza.

Kuna jambo jingine hapa. Aliyenunua hati anataka riba yake ilipwe kwa wakati. Mwenye ankara anataka maji yatoke kwa bei anayoiweza. Mambo yakienda vizuri hawa wawili wanafurahi pamoja. Mambo yakienda vibaya mmoja lazima aumie. Mwenye hati ana mkataba ulioandikwa na wanasheria, na ana mamlaka ya masoko ya mitaji inayomlinda. Mwenye ankara ana nini? Ana haki ya kusikilizwa na EWURA kabla bei ya maji haijabadilishwa, maana sheria inaitaka EWURA ikusanye maoni ya wadau kwanza. Hiyo ni haki kubwa, na nawahimiza wasomaji wakiona tangazo la mkutano huo waende. Lakini inakuja baada ya deni kuwa limekwisha kopwa. Wakati huo ubishi uliobaki ni wa bei tu. Kukopa harusi, kulipa matanga. Basi anayealikwa kwenye matanga aalikwe na kwenye harusi.

Kwa upande wa halmashauri zenyewe, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inaziruhusu kukopa kwa idhini ya Waziri. Ni kinga nzuri. Lakini idhini ya Waziri ni kitu kimoja, na wakazi kuulizwa ni kitu kingine. Diwani hukaa miaka mitano. Hati ya miaka 10 inapita mabaraza mawili. Mtoto aliyeko darasa la tatu leo ataingia katika kulipa deni ambalo baba yake hakulisikia.

Nchi nyingine zimefanyaje? Katika mji wa Porto Alegre, Brazil, mwaka 1989 walianzisha utaratibu wa wakazi kukutana mtaa kwa mtaa, kupanga vipaumbele kwa kura, na kuchagua wawakilishi wa kufuatilia bajeti mpaka mwisho. Utaratibu huo ukaigwa na miji mingi duniani. Jirani zetu wa Kenya waliandika katika Katiba yao ya mwaka 2010 kwamba fedha za umma zitumike kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi, na sheria yao ya mwaka 2012 ikaitaka kila kaunti iwe na baraza la bajeti na uchumi ambamo wamo watu wasiokuwa viongozi. Kaunti ya Makueni imesifiwa sana kwa kuanzia mikutano yake vijijini na kuwa na kamati za miradi zinazotokana na wakazi wenyewe.

Marekani nako kuna mengi ya kujifunza, mema na mabaya. Katika miji mingi kule, hati fungani itakayolipwa kwa kodi haiwezi kutolewa mpaka wakazi wapige kura ya kukubali. Lakini hati zinazolipwa kwa mapato ya huduma, kama maji, mara nyingi hazipigiwi kura. Matokeo yake yalionekana katika Wilaya ya Jefferson, jimbo la Alabama. Wilaya ile ilikopa kwa ajili ya mabomba ya majitaka, ikaongeza mikopo ya kitaalamu ambayo mwananchi wa kawaida hakuielewa, deni la majitaka likapita dola bilioni 3, na mwaka 2011 ikatangaza mahakamani kwamba imefilisika. Maofisa kadhaa walipatikana na hatia ya rushwa. Waliofungwa walifungwa, lakini ankara ziliendelea kupanda kwa watu ambao hawakula hata senti moja. Na mji wa New York mwaka 1975 nusura ufilisike kwa sababu ya kuzoea kukopa fedha za muda mfupi ili kulipia matumizi ya kila siku. Basi kama matajiri wanateleza, sisi tunaovaa malapa tuangalie zaidi tunapokanyaga.

Najua wapo watakaosema kwamba wananchi hawaelewi mambo ya hati fungani, na kwamba kuwauliza ni kupoteza wakati. Sikubaliani nao. Mama anayecheza upatu na wenzake kumi anajua riba, zamu, dhamana na mtu asiyeaminika. Mkulima aliyekopa pembejeo anajua deni linalipwa mavuno yakiwa mabaya au mazuri. Kinachowashinda watu ni lugha. Waraka wa hati fungani ukiandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, kurasa mia, hata msomi atausinzia. Ukiandikwa kwa Kiswahili ukurasa mmoja, utasomwa mpaka kibarazani. Kuhusu kuchelewa, ninyi niambieni: kipi kinachelewesha zaidi, mikutano ya mwezi mmoja, au ugomvi wa miaka kumi juu ya ankara?

Wapo pia watakaosema wananchi wakiulizwa watakataa kila kodi na kila deni. Hilo nalo silioni. Watu walijenga madarasa kwa nguvu zao na michango yao pale walipoona tofali lao limeingia ukutani. Mtu hukataa kuchangia anapokuwa hajui mchango wa kwanza ulikwenda wapi.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, natoa mapendekezo yangu kwa wahusika, nao wayapime.

Kwanza, tarehe ya mkutano wa bajeti katika kila mtaa itangazwe mapema, na mkutano ufanyike siku na saa ambayo wafanyakazi na vijana nao wanaweza kuhudhuria. Mkutano wa Jumanne saa nne asubuhi ni mkutano wa sisi wastaafu.

Pili, mkutano utoe mambo matatu tu, kwa mpangilio, yakipigiwa kura ya mikono. Mtendaji ayasome kwa sauti kabla watu hawajaondoka, na nakala ibandikwe ofisini siku hiyo hiyo.

Tatu, jibu lirudi. Baraza likishapitisha bajeti, Diwani na mwenyekiti wa mtaa waje waeleze lipi limeingia, lipi limekatwa, na kwa nini. Hili halihitaji fedha. Linahitaji jioni moja. Wenyeviti wetu wa mitaa walichaguliwa Novemba 2024, na bado wana muda wa kuifanya iwe desturi.

Nne, kila halmashauri itoe muhtasari wa bajeti kwa Kiswahili chepesi, kata kwa kata, ukibandikwa penye watu: sokoni, zahanati, kituo cha daladala.

Tano, mji wowote au mamlaka yoyote ya mji inayotaka kukopa kwa hati fungani ifanye kwanza mikutano katika kila kata na kujibu maswali matano. Tunakopa kiasi gani? Ni kwa kazi gani, na iko wapi? Nani atalipa, na ankara au ushuru wake utapanda kiasi gani? Kwa miaka mingapi? Na mradi ukiharibika, nani atabeba mzigo? Majibu yaandikwe na kuhifadhiwa, ili miaka mitano baadaye mtu asije akasema hakusema.

Sita, iwe mwiko kukopa kwa ajili ya posho, safari na matumizi ya kila siku. Deni la miaka 10 liache nyuma kitu kitakachoishi zaidi ya miaka 10.

Saba, baada ya fedha kupatikana, kila nusu mwaka itolewe taarifa ya Kiswahili: zimetumika kiasi gani, bomba limefika wapi, maji yanayopotea yamepungua au yameongezeka. Wenye hati hupelekewa taarifa zao. Wenye ankara nao wapelekewe.

Kwetu sisi wananchi nina maneno machache. Tusingoje kualikwa kama wageni. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kumjibu katika muda wa siku 30. Mimi nilipoambiwa "kaandike barua" nilidhani nafukuzwa. Baadaye nikatambua kwamba barua ile ndiyo ilikuwa haki yangu. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ikitoka kila mwaka, tuangalie halmashauri yetu imeandikwaje, badala ya kucheka za wenzetu. Vijana wetu wenye simu wapige picha tangazo la ofisi na kuwatumia wengine. Na mkutano ukiitwa, twende, tukae mpaka mwisho, tuulize kwa adabu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Namalizia na habari ya mfereji wetu. Mwaka uliofuata tulikwenda mkutanoni watu zaidi ya mia mbili. Tulitaja mambo matatu, na la kwanza lilikuwa mfereji. Yule mama mjane ndiye aliyeandika kwa mkono wake katika karatasi ya pili iliyobaki kwetu. Tulimfuata Diwani mpaka kwenye kata, na wanne kati yetu tukakaa katika viti vya wananchi siku ya Baraza. Kati ya mita zote tulizoomba, tulipata nusu. Nusu iliyobaki tulielezwa kwamba itasubiri mwaka mwingine, na tulielezwa sababu. Hatukufurahi sana, lakini safari hii hakuna aliyesema ameibiwa. Masika yaliyopita maji yalifika mlangoni kwa mama yule, yakageuka.

Wasomaji wenzangu wa miji mingine, kwenu mambo yakoje? Na viongozi wahusika mnasemaje?

Mkazi Mwenye Ankara,
Mjini.